Mgeni Asiyebisha Hodi

Januari 9
Presha: juu kidogo. Theluji.

Daktari kanipa daftari hili niandike presha yangu kila asubuhi. Mimi Savrigul, niliyelea watoto wanne bila kujua presha ni mdudu gani! Haya, nitaandika. Lakini ukurasa ni mkubwa na presha ni mstari mmoja, kwa hiyo panapobaki nitasema yangu.

La kwanza ni hili. Jana mkamwana wangu Zarnigor karudi kutoka hospitali na mtoto wa kiume. Kazaliwa kabla ya siku zake, kadogo, ukikashika unaogopa mikono yako mwenyewe. Jina lake Siyovush. Mwanangu Parviz, mfua visu, hata kazi za watu kaziacha karakanani, anazunguka tu nyumbani akicheka peke yake.

Mpaka arobaini iishe, hakuna mgeni atakayevuka kizingiti cha chumba kile. Mgeni huja na jicho, huja na baridi ya njiani, huja na misiba aliyoipitia. Nimetundika pilipili nyekundu mlangoni. Nimefukiza ispand, mbegu za kufukuza jicho, nyumba nzima mpaka Parviz akalia machozi. Na kiti changu nimekiweka ukumbini, mbele ya mlango. Anayetaka kuingia aanze na mimi.

Januari 10
Presha: kama jana. Theluji.

Daler, mtoto wa kwanza wa Parviz, katoka shule na kamasi mpaka mdomoni. Anasema darasa la kwanza lote linakohoa, na mwalimu kafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Nikamfuta. Mtoto asiye na kamasi wakati wa theluji umemwona wapi?

Januari 12
Presha: juu, na sababu naijua.

Mavjuda, mama yake Zarnigor, kaja kwa miguu kutoka mtaa wa juu, sufuria ya supu kaifunga kwenye shali isipoe.

"Savrigul, niache nimwone binti yangu. Hata nikisimama hapo mlangoni."

"Dada yangu, supu itaingia, wewe utarudi. Arobaini ni arobaini."

"Mimi ni mama yake!"

"Na mimi ni mlinzi wake. Juzi ulikuwa msibani, leo umepita sokoni. Unajua umebeba nini?"

Tukiwa tunabishana, Daler na mdogo wake Sitora wakapita katikati yetu, mabuti miguuni, wakaingia chumbani kumbusu ndugu yao. Mavjuda akawafuata kwa macho.

"Na hao je?"

"Hao ni wa humu humu," nikamwambia. "Mtoto wa nyumba si mgeni."

Akaniachia sufuria akaondoka bila kuaga. Zarnigor alikuwa amesikia yote. Hakusema kitu. Huyu msichana ana miaka minane kwangu na sijawahi kujua kichwani mwake mna nini. Supu ilikuwa na chumvi nyingi.

Januari 13
Umeme umekatika. Tumekaa kwenye sandali siku nzima, makaa chini ya meza, mfarishi mmoja magotini mwa wote, piyola moja, kibakuli cha chai, ikizunguka. Zarnigor alikuja na mtoto apate joto. Hiyo ndiyo familia.

Januari 15
Presha: sijapima, nimekasirika.

Jirani yetu Oyniso kasimama dirishani, mimi nikiwa uani, kachungulia ndani akasema, "Loo, mweupe kama siagi! Nywele zote hizo!" Basi. Hakumtaja Mungu, hakutema mate. Ana roho nzuri Oyniso, lakini jicho lake nalijua, mwaka juzi alimsifu mbuzi wangu.

Nikamwita Daler haraka. Mama yangu alikuwa akisema mate ya mtoto asiye na dhambi ndiyo yanayokata jicho. Daler akakataa, anaona haya. Nikamshika bega, nikamleta mpaka kwenye susu.

"Mtemee ndugu yako. Usoni. Mara tatu."

"Bibi, nina mafua."

"Mafua yako hayana dhambi. Tema!"

Tufu, tufu, tufu. Mtoto akakunja uso akapiga chafya, sote tukacheka. Zarnigor peke yake hakucheka. Alichukua kitambaa akamfuta mtoto uso, taratibu, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Nikaona dharau. Sikusema, lakini nimeona.

Januari 16
Presha nzuri. Theluji imekoma.

Januari 19
Presha: juu. Ukungu.

Siyovush anapiga chafya, pua imeziba. Zarnigor kaniambia, macho chini, "Mama, naomba Daler na Sitora wasiingie kwanza."

Nikamwuliza, "Wasiingie wapi? Kwao?"

"Wana mafua, mama. Yeye ni mdogo mno."

"Binti yangu, nyumba hii haijawahi kumfungia mtoto wake mlango. Utawafanya wamchukie ndugu yao. Hilo ni jicho la Oyniso, nitafukiza tena."

Nikafukiza. Watoto wakaingia, wakabusu. Nimeshinda, lakini chakula cha jioni nimekirudisha jikoni, na sijui kwa nini.

Januari 20
Hanyonyi vizuri. Anashika titi, anaachia, analia bila sauti. Kila baada ya muda mfupi naenda kumtazama. Presha sina haja ya kupima, naisikia masikioni.

Januari 21

Sikuandika asubuhi. Naandika sasa, Parviz karudi hospitali na watoto wamelala.

Asubuhi mtoto alikuwa kwenye susu, kafungwa vizuri, juu kafunikwa nguo kama inavyotakiwa. Kimya. Nikasema moyoni, afadhali, usingizi umempata. Nikamwambia hata Zarnigor, "Unaona? Moshi umemsaidia." Akainuka akafunua nguo zile, akafungua na kamba, kifua kikawa wazi. Akasema, "Mama, hebu tazama hapa."

Nimelea wanne, nimewapokea wajukuu sita, kitu kile sijawahi kukiona. Kila akivuta pumzi, ngozi chini ya mbavu inaingia ndani, shimo linatokea, linarudi, linatokea. Pua inapanuka. Midomo rangi yake siyo. Na sisi tulikuwa tumemfunika! Angekufa chini ya zile nguo nzuri nilizozidarizi mwenyewe, sisi tukitembea kwa vidole tusimwamshe.

Na mimi nikafanya nini? Nikachukua chetezo. Mungu ananiona, nilikuwa nimeshawasha.

"Mama, toa moshi huo nje."

Nikageuka. Sikuamini kama ni yeye.

"Nje! Sasa hivi! Na mwite Parviz."

Nikatoka na chetezo changu kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Nikakitupa kwenye theluji, nikakimbia mpaka karakanani, viatu vya ndani miguuni. Parviz hakuuliza, aliuona uso wangu. Gari letu lilikataa kuwaka. Nikasimama uani nikipiga kelele, na aliyetokea ni Oyniso, kaguna tu, "Ingieni," kaliwasha gari la mume wake. Barabara ilikuwa kioo. Njia nzima Zarnigor alikuwa akimpuliza mtoto usoni na kumwambia, "Vuta, baba. Vuta. Vuta tena." Mimi nilikuwa nasoma dua, nikawa nazichanganya. Oyniso anaendesha, analia, haendi upogo hata kidogo. Mtu niliyemtangaza mtaa mzima kwamba ana jicho.

Daktari ni msichana, anaitwa Rayhon, umri wa binti yangu wa mwisho. Wakamwekea mtoto mrija wa hewa puani, wakamvuta kamasi kwa mashine, sikujua kama kamwili kale kanaweza kubeba kamasi nyingi vile. Kisha akanijia.

"Bibi, nyumbani kuna mtu mwenye mafua?"

"Hakuna aliyeingia, daktari. Hakuna! Nimekaa mlangoni mwenyewe. Hata mama mzazi wa huyu nilimrudisha."

"Sikuulizi aliyeingia. Nauliza waliomo. Kuna watoto?"

"Wapo wawili. Lakini hao ni wetu."

"Wanakwenda shule?"

Nikaitikia kwa kichwa. Zarnigor kasimama ukutani, angeweza kunimaliza pale pale kwa sentensi moja. Hakusema. Ningependa angesema.

"Bibi yangu," Rayhon akaniambia, na hakuwa mkali, "kirusi hiki hakibishi hodi mlangoni. Kinakuja kutoka shuleni kimekaa puani mwa kaka, kinavua mabuti, kinakaa nanyi kwenye sandali. Kwa kaka ni mafua ya wiki. Kwa kichanga aliyezaliwa kabla ya siku zake, vijia vya hewa ni vyembamba kama uzi. Vikijaa, basi."

"Mpe dawa."

"Dawa ya kukiua hatuna. Tunampa hewa, tunamvuta kamasi, tunamlisha kwa mrija. Kazi nyingine ni yake mwenyewe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimewasemea watu methali hiyo maisha yangu yote, nikiwatazama wao nguo zao.

Mama peke yake ndiye aliyeruhusiwa kubaki. Nilipotaka kumshika Zarnigor mkono, alinipa. Mkono tu.

Januari 22
Theluji tena.

Parviz kapita nyumbani kuchukua nguo. Hali ya mtoto ile ile. Alikaa ukumbini kichwa mikononi akasema, "Lakini nani kamletea, mama? Nani?" Nilikuwa natafuta pa kuanzia, yeye akaondoka. Sikumwona Daler nyuma ya mlango.

Mchana nikamtafuta mtoto huyo kila mahali. Nimemkuta bandani, kwenye kuni, shali kajifunga mdomo na pua mara nyingi, yamebaki macho. Midomo imekuwa ya bluu kwa baridi.

"Unafanya nini huku, we mtoto!"

"Usinikaribie, bibi."

"Toka huko!"

"Nikitoka nitamwua na Sitora."

Jamani. Nilikaa chini, kwenye kuni zile zile, magoti yangu yakalia yote mawili. Nikamwuliza nani kamwambia neno hilo. Kasema hakuna, kajua mwenyewe, alikuwa na mafua, akamtemea mtoto, mtoto akapiga chafya, na ndipo ikaanza. Ana miaka saba. Hesabu ambayo mimi nimelazimika kuletewa na daktari, yeye aliifanya peke yake.

"Daler. Siku ile nani alikushika bega?"

Akalivuta shali mpaka machoni.

"Nani?"

"Wewe."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nina mafua."

"Nikasema nini?"

"Niteme tu."

"Basi. Ukitaka mtu wa kukasirikia, huyu hapa, kavaa shali la kijani. Wewe ulimbusu ndugu yako kwa sababu unampenda. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyekaa mlangoni nikitazama upande usio wenyewe."

Akanitazama sana. Kisha akauliza, "Atakufa?"

Nilitaka kusema hafi. Nikasema, "Sijui, mwanangu." Akaja akanikalia mapajani, na shali lake mdomoni.

Jioni nikampigia Parviz simu nikamweleza, ya tufu, ya kumkatalia Zarnigor, yote. Akasema, "Nakuja kesho, mama," akakata.

Januari 23
Hali ile ile.

Januari 24
Hali ile ile. Mavjuda anapeleka supu hospitali kila siku, kwa miguu. Nimesikia kwa Oyniso.

Januari 25
Presha: nimepima, sitaandika, daktari atapiga kelele.

Mtoto kachoka. Rayhon kamwambia Parviz kwamba kuna saa anasahau kuvuta pumzi, mpaka wamguse nyayo akumbuke. Wamemhamishia kwenye mashine kubwa. Nimekunja mfarishi wa sandali, nimezima makaa, nimefungua madirisha yote, baridi na iingie. Sitora kaniuliza kama nimepata wazimu. Nimemwambia ndiyo, vaa koti.

Chumba chao kiko tupu. Pilipili zangu nyekundu zinaning'inia mlangoni zikinicheka. Nimezing'oa.

Januari 26
Yupo. Sina neno jingine.

Januari 29
Sitora ana mafua sasa, homa kidogo, na Parviz anakohoa, Rayhon kamkataza kufika wodini. Nikiwatazama naiona njia yenyewe wazi kabisa: Daler, kichanga, Sitora, baba yao. Ni ile piyola ya chai, kila mmoja anakunywa na kumpa wa pembeni yake. Nimempa kila mtu piyola yake na kijiko chake. Daler kaandika majina kwa rangi nyekundu ya kucha ya mama yake.

Mwaka jana mtu angeniambia tule hivi, kila mtu na chombo chake, ningemwuliza kama tumegombana.

Februari 2
Jua. Theluji inadondoka kutoka paani.

Zarnigor kapiga simu mwenyewe, kanipigia mimi. "Mama, kanyonya." Nikasema nini? Nililia kwenye simu, yeye akalia, hatukusema kingine, salio likaisha.

Nimekuwa nikimwita bubu moyoni mwangu miaka minane. Bubu ni nani? Aliyeona mbavu ni yeye. Aliyesema watoto wasiingie ni yeye. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo, na sikuona.

Februari 6
Presha: nzuri! Ajabu.

Kesho wanarudi. Nimefua kila kitu. Daler na Sitora wamehamia chumba changu, na wameapa: kuingia kwa mtoto ni mpaka kamasi liishe, mikono imeoshwa kwa sabuni, busu ni la miguuni tu. Daler kauliza, "Na wewe, bibi?" Nikamwambia mimi nimeshawekewa sehemu yangu, nitakaa pembeni ya susu, nitamshika wa kwanza. Tangu hospitali sijamgusa. Naota uzito wake.

Februari 7

Nimeamka na koo linawasha.

Nikanywa chai. Nikanywa nyingine. Nikajiambia ni vumbi, nimefua sana, nimepigwa na baridi. Nikakohoa mara moja, ndani ya mto. Hakuna aliyesikia. Niseme kweli ya Mungu, nilikaa na jambo hilo asubuhi nzima nikiwa nalifunika. Mtu akingoja kiasi hiki, anajua kujidanganya. Nilishavaa gauni zuri.

Gari la Oyniso likaingia uani. Nikakaa kwenye kiti changu ukumbini, mbele ya mlango, kama siku ile. Zarnigor kaingia amekonda, macho makubwa, mtoto kamkumbatia ndani ya koti. Akanijia moja kwa moja, anatabasamu, anafungua vifungo ili anipe. Niliona kipaji cha uso wa mtoto, na nywele zile. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka.

"Simama hapo hapo," nikasema. "Koo linaniwasha."

Akasimama. Parviz akasema, "Mama, labda si..."

"Ndilo hilo. Mpitisheni. Nendeni."

Zarnigor akanitazama, akafunga vifungo vyake tena. "Basi, mama, utakaa upande wa watoto mpaka upone. Na mimi nitahitaji mtu." Hakuuliza, alisema.

"Mwite mama yako," nikasema.

Alikuwa ameshaitwa. Mavjuda alikuwa nje getini na sufuria yake, hakutaka kuingia mpaka aambiwe. Akavua koti, akavua viatu, akanawa mpaka viwikoni, akafunga barakoa. Mimi nimesogeza kiti changu mpaka ukutani, shali mdomoni. Alipofika usawa wangu akasimama.

"Savrigul."

"Naam."

"Umepita sokoni? Umetoka msibani?"

"Nimetoka sandalini, dada."

"Pole. Arobaini ni arobaini," akasema, na juu ya barakoa macho yalikuwa yanacheka, na yana machozi. "Supu yako iko jikoni. Leo nimepunguza chumvi." Nani kampa habari ya chumvi, sijui. Nadhani bubu wangu.

Akaingia. Mlango ukafungwa, nikabaki nje.

Sikuweza kukaa. Nikavaa buti nikatoka uani, nikazunguka mpaka dirishani kwao, pale pale aliposimama Oyniso. Daler alikuwa ameshafika, kasimama juu ya ndoo, pua karibu na kioo. Ndani Mavjuda kamshika mtoto, Zarnigor kalala ubavu, anawatazama. Kifua cha Siyovush kiko wazi kidogo. Tulikitazama kinavyopanda na kushuka. Hakuna shimo.

"Bibi," Daler akanong'ona, "ni mzuri."

Akaziba mdomo. Akanitazama kwa woga, kwa sababu kasifu, na jicho ni jicho, mwenyewe nimemfundisha.

"Tumtemee?"

"Tutatema, lakini si huko," nikasema. "Shuka."

Nikampa mkono akashuka kwenye ndoo. Tukaligeuzia dirisha mgongo, mimi na yeye, tukatemea theluji.